KUKAA MANZESE: SIFA YA MTAA NA UKWELI WAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Niliombwa niseme machache juu ya maisha baada ya shule. Walionitangulia wamezungumza juu ya kazi na masomo ya juu. Mimi nimechagua jambo dogo ambalo halimo katika mtihani wowote, lakini litamkabili karibu kila mmoja wenu. Utakapofika mjini, utalala wapi? Na ukipata mahali unapopamudu, lakini pana sifa mbaya, utakubali au utakataa?

Swali hilo lilinikabili mwaka 1986. Nilikuwa karani mjini Dar es Salaam, nina mke na mtoto wa kike wa miaka miwili, na sote watatu tukilala sebuleni kwa kaka yangu huko Temeke. Chumba cha Sinza kilitaka zaidi ya nusu ya mshahara wangu, tena kodi ya mwaka mzima mkononi. Chumba cha Manzese nilikimudu. Lakini Manzese ya siku zile wazee wenzangu mnaikumbuka. Ukiitaja tu, watu walifikiria gongo, vibaka, na vyumba vya kukodi kwa saa. Baba mkwe alipopata habari aliniletea ujumbe mfupi: hakumwoza binti yake ili akalee watoto vilabuni. Basi upande mmoja palikuwa na heshima ya mke wangu. Upande wa pili alikuwapo kaka yangu, ambaye kwa uungwana wake hakusema neno, lakini shemeji alikuwa ameanza kupakua chakula kimya kimya.

Kwanza nilijiuliza sifa ile ilitoka wapi. Manzese ilikua kando ya Barabara ya Morogoro, watu waliotoka mikoani wakinunua vipande vya ardhi kwa wenyeji na kujenga bila kupimiwa viwanja. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda na kujenga nyumba bora, lakini nyumba hazikutosha watu waliokuwa wakimiminika mjini. Mwaka 1972 Serikali ikaamua kuacha bomoabomoa na kuboresha makazi yaliyokwisha jengwa. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ikawa mojawapo ya sehemu hizo, ikapata barabara na maji ya bomba. Mpango huo huo ndio uliopima viwanja vya Sinza na Kijitonyama.

Hebu fikirini jambo hilo. Sinza na Manzese ni watoto wa mpango mmoja. Mmoja alipimiwa viwanja kabla ya kujengwa, akapata jina zuri. Mwingine alijengwa kabla ya kupimwa, akabaki na vichochoro visivyopitisha gari wala visivyo na taa, akapata jina baya. Waliolala humo, wengi wao, walikuwa wapagazi, mama lishe, mafundi, na makarani kama mimi.

Hata hivyo wahenga walisema, lisemwalo lipo. Gongo lilikuwapo, na wezi walikuwapo. Kwa hiyo sikutaka kuamini sifa mbaya, wala sikutaka kuipuuza. Nilikwenda Manzese mara tatu kabla ya kutoa hata senti moja. Nilikwenda asubuhi, nione watu wanaamkia wapi. Nilikwenda usiku wa mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka, maana hapo ndipo mtaa hufunua tabia zake. Tena nilikwenda baada ya mvua kubwa ya masika, nione maji yanasimama wapi na vyoo vinafurika upande gani. Kila mara nilipita kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi anajua nani anapika nini, na nani alipigwa jana.

Chumba cha kwanza nilikikataa. Kilikuwa kizuri, kina sakafu ya saruji, lakini nyumba ya pili ilikuwa kilabu cha pombe, na wanywaji walipita uani kwenda chooni. Chumba cha pili kilikuwa umbali wa nyumba kama ishirini tu kutoka pale. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyekaa chumba cha mbele na kufunga mlango mkubwa saa nne usiku. Kabla ya kutaja kodi aliniuliza kama niliyefuatana naye ni mke wangu wa ndoa. Swali lile lilinifurahisha kuliko sakafu ya saruji.

Aliyekata shauri hasa ni mke wangu. Alikuwa na cherehani iliyokaa chini ya meza ya kaka bila kazi. Biashara ilikwisha legezwa masharti miaka ile, na mitumba ilikuwa ikiuzwa kwa wingi Manzese. Kila anayenunua suruali kubwa hutafuta wa kuipunguza. Aliniambia, "Baba, hapa watu wanapita mchana kutwa. Kule Sinza nitamshonea nani?" Tukahamia.

Sitawadanganya kwamba palikuwa peponi. Choo kimoja kilitumiwa na vyumba sita. Nguo zetu ziliibwa kambani mara mbili. Kila masika tulichemsha maji kwa hofu ya kipindupindu, na muziki wa vilabu ulitufikia hata mlango ukiwa umefungwa. Wenzetu wengine kazini walikaa Manzese lakini wakiulizwa walijibu, "Magomeni." Baba mkwe hakukanyaga kwetu mwaka mzima. Alipokuja, mwenye nyumba alimkaribisha kahawa, wakazungumza bei ya mchele hadi usiku. Hakuomba radhi, nasi hatukudai. Msimu uliofuata alituletea gunia la mpunga.

Mwaka 1997 binti yetu alipofika miaka kumi na mitatu, tuliuliza swali lile upya. Chumba kimoja hakikumtosha msichana mkubwa na wazazi wake, na njia ya kurudi shuleni ilipita kwenye baraza la wavuta bangi. Mara hii jibu likawa kuhama. Tulikuwa na kiwanja Kimara, tumekijenga kidogo kidogo kwa fedha za cherehani ile ile. Mahali panapomfaa mtoto wa miaka miwili huenda pasimfae wa miaka kumi na mitatu.

Leo Manzese imebadilika. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita pale kutoka Kimara hadi Kivukoni, na chumba cha karibu na barabara hugombaniwa. Hata hivyo lipo bado jina la zamani, na wapo vijana wanaolikimbia kabla ya kufika.

Ninyi vijana, nawaachia haya. Sifa mbaya ni ya mtaa mzima, lakini maisha utaishi uani kwa mwenye nyumba mmoja, na jirani wa kulia na wa kushoto. Wachunguzeni hao. Nendeni usiku, nendeni baada ya mvua, ulizeni viongozi wa mtaa. Msikae mahali kwa ubishi, wala msikimbie mahali kwa aibu. Anayefuatana nawe, mke au mdogo wako, apewe nafasi ya kusema kabla kodi haijalipwa.

Nanyi wazee wenzangu mlio na maofisi: kijana akija kuomba kazi na ameandika "Manzese" penye anwani, someni kwanza vyeti vyake. Huenda ameandika ukweli ambao wengine wameuficha.