Kinyungu na Mto



Mkulima wa nyanda hizi za Makete alimapo kinyungu hadi ukingoni mwa kijito, hulisha wanawe wakati wa kiangazi. Hapana wa kumbeza. Lakini maji ya milima ya Kipengere hayaishii mabondeni humo. Mito ya Mbarali na Kimani huyateremsha Usangu, kwenye kinamasi cha Ihefu, makao ya samaki, ndege na viboko. Kisha Ruaha Mkuu huyafikisha katika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikatika wakati wa kiangazi, na baadaye ukakatika tena na tena. Mto ukikatika, samaki hufa, na viboko husongamana madimbwini. Lawama zimewaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Hata hivyo, aliye juu naye ana wajibu wake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini njaa haisomi sheria. Basi kijiji kinachomwondoa mkulima kinyunguni kimpatie kwanza shamba jingine, na mikaratusi iondolewe penye chemchemi. Hapo ndipo mto utakapopata walinzi.