Nguvu Iliyobaki Katika Bomba la Chuma Lililoumia



Tarehe 3 Desemba, 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Baada ya msiba kama huo watu huokota vilivyosalia wapate kujenga tena, na bomba la chuma hutamaniwa sana, liwe nguzo ya tangi au ya paa la shule. Basi twapenda kueleza namna ya kulichungua kabla ya kuliamini.

Chukueni bua kavu la ngano. Lisimamisheni, mligandamize kwa juu: lavumilia. Libonyezeni ubavuni, mligandamize tena: lajikunja pale pale penye kibonyeo. Lakini mkilivuta, bado lakaza. Bomba nalo ni hivyo hivyo. Nguvu yake imo katika unyofu na uviringo wake. Vikiharibika, halifai kubeba mzigo juu yake, ingawa huenda likafaa kwa kazi ya kuvutwa.

Yatupasa kuangalia mambo manne. Kwanza, unyofu: kazeni uzi toka ncha hata ncha, mwone kama limepinda. Pili, vibonyeo, hasa vya katikati. Tatu, kutu, ambayo hula hata kwa ndani: chuma cha unene wa milimita 4 kikibaki 2, karibu nusu ya nguvu imekwisha kupotea. Nne, nyufa penye maungio: pakeni mafuta ya taa, pangusani hata pakauke, kisha nyunyizeni chaki iliyosagwa, penye ufa mafuta hutoka yakachora mstari.

Tena, nguzo nyembamba ikipotewa na tegemeo lake la katikati, nguvu yake yaweza kushuka hata robo, ijapokuwa haina alama yoyote. Na tangi la lita 5,000 likijaa, maji peke yake ni tani 5.

Kunyoosha kwa nyundo si kuponya. Mkiona shaka, toeni maji tangini, wazuieni watoto wasipite chini, mkamwite mhandisi. Yeye anacho chombo cha kupima unene pasipo kutoboa. Na bomba litakalokataliwa msilitupe: litieni katika ua wa bustani. Huko likianguka, halitamwua mtu.