Kuvumwani Katika Bustani Yenye Uvuli
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu wa nchi ya milimani)

Leo twapenda kunena habari ya kitu ambacho wengi hukikwangua kwa jembe wakidhani ni uchafu, nacho ni kuvumwani, yale majani madogo mno ya kijani yatandayo juu ya mawe, magogo na ardhi ya kivulini. Msiichanganye na ukungu uharibuo mahindi ghalani. Kuvumwani ni mmea kamili, wala haili mti inaokaa juu yake.

Sote twajua jinsi ua ulivyo chini ya miti mikubwa. Nyasi hazioti kwa kukosa jua, nasi twafagia kila asubuhi hata udongo ukabaki uchi. Mvua ikinyesha, maji huuchukua udongo ule kidogo kidogo, mpaka mizizi ya mti ikatokeza nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Mahali kama hapo, penye ubaridi na unyevu, ndipo kuvumwani ifaapo kuwa zulia la kuushika udongo. Penye jua kali na vumbi msijisumbue.

Katika mji wa Kyoto, nchi ya Japani, iko bustani ya hekalu la Saihō-ji, ambayo mtawa Musō Soseki aliitengeneza upya mwaka 1339. Kuvumwani haikuwa shauri lake. Ilikuja yenyewe miaka mingi baadaye, bustani ilipokosa watunzaji. Leo ziko aina kama 120, na tangu mwaka 1977 wageni hupunguzwa makusudi, zisije zikadhurika.

Katika kuchagua, tazama kwanza mahali inapotoka. Iliyoota juu ya jiwe ipelekwe juu ya jiwe, na ya udongoni ipelekwe udongoni, maana ukiibadilishia makao mara nyingi hufa. Tena ziko zisimamazo kwa mafungu kama mito midogo, na ziko zitambaazo. Kwa kufunika ua upesi twapendelea zitambaazo. Utaipata nyuma ya nyumba yako, katika matofali ya zamani na kando ya mfereji.

Lakini msituni msiichukue. Kuvumwani haina mizizi ya kunywea, ina nyuzi za kujishikilia tu. Hunywa kwa majani yake, hata ukungu upitao hewani huunasa. Katika milima ya Uluguru imevika matawi ya miti, hushika maji ya mvua na ya ukungu, kisha huyaachilia polepole. Huko ndiko mto Ruvu upatako maji yake, na watu wa Dar es Salaam hunywa maji ya mto huo. Mtu abanduaye magunia ya kuvumwani mlimani ili apambe ua wake awapunguzia wengine maji.

Kuipanda ni kazi nyepesi, nayo yafaa mvua zianzapo. Ondoa majani makavu na magugu, kwaruza udongo juu juu, umwagie maji hata uwe tope, ndipo ulaze vipande na kuvikanyaga kwa miguu mitupu, kwa kuwa kipande kisichogusana na udongo hukauka. Usitie samadi, wala majivu, ambayo aina nyingi haziyapendi. Wako wasemao kwamba isagwe pamoja na maziwa ya mgando na kupakwa mawe; mara nyingi hutoka ukungu tu, na maziwa ni heri wanywe watoto.

Kwa majuma ya kwanza nyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni. Majani ya miti yaangukayo yaondolewe kwa ufagio laini. Adui mkubwa ni kuku: mmoja akipekua kwa saa moja huharibu kazi ya mwezi, basi weka matawi ya miiba pande zote. Kiangazi kuvumwani hugeuka rangi na kusinyaa. Msiing'oe, maana nyingi hulala tu, na mvua ya kwanza huziamsha. Baada ya miezi michache vuta ukingo wa kipande polepole kwa vidole viwili. Kikishikilia udongo, miiba yaweza kuondolewa, kama kuku wa jirani nao wamefungiwa.