Kabla Hujauza Ng'ombe Ukanunue Pikapu

(Mazungumzo ya afisa mifugo na wafugaji, siku ya kuogesha)

Ng'ombe wameshaoga, na mmeniuliza jambo ambalo halimo kwenye cheti changu. Mimi nimesomea mifugo, si magari. Lakini kila baada ya mavuno naona ng'ombe wanatoka zizini kwenda mnadani ili pikapu iingie uani, na mwaka unaofuata naitwa kutibu kundi lililopungua huku pikapu imelala chini ya mwembe. Kwa hiyo jambo hili linanihusu.

Nianze na la kwetu. Mjomba wangu aliuza ng'ombe kumi na wanne, watano kati yao mitamba. Akanunua pikapu nyeupe, rangi inang'aa, redio inaimba. Hakuambiwa kwamba ilibeba samaki kwa miaka mingi. Maji ya barafu na ya samaki wa chumvi yalikuwa yakichuruzika kutoka bodini hadi kwenye chesisi, na kutu ikala kimya kimya chini ya rangi. Masika ya pili, ikiwa na magunia ya mashudu ya pamba, chesisi ilikatika nyuma ya kabini. Mitamba wale leo wangekuwa wamezaa zaidi ya mara moja.

Ng'ombe humnunui kwa ngozi. Unamshika, unamfungua mdomo, unaangalia kwato na kiwele, unamtembeza. Basi pikapu nayo uilalie chini. Tandika gunia, ingia uvunguni na tochi, chukua nyundo ndogo au hata spana, ugonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti ya bubu, na pengine kinamwaga magamba. Gonga zaidi pale springi za nyuma zinaposhikwa na pale bodi inapokaa. Ukiona alama za kuchomelea, au rangi nyeusi mbichi kwenye gari la miaka ishirini, uliza kimefichwa nini. Ukanda huu wa ziwa pikapu nyingi zimepita Mwaloni Kirumba au mialo mingine. Na sisi wafugaji tusijione wasafi: mkojo wa ng'ombe nao unakula chuma, kwa hiyo iliyobeba mifugo bila kuoshwa ikague vilevile.

Injini itazame asubuhi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, amekwisha kuiamsha ili usione inavyohangaika kuwaka. Injini ikiwa bado ya baridi, fungua rejeta uone kama kuna mafuta yanaelea. Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na hapo rudi nyumbani na hela yako. Iwashe. Moshi wa bluu usiokwisha ni oili inayoungua ndani. Moshi mweupe wa asubuhi si kosa, ila ukiendelea injini ikishapata moto, una tatizo.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini sana, zinarudishwa nyuma. Tazama raba ya pedeli ya klachi na usukani. Hivyo vikiwa vimelika na saa inasema kilomita elfu themanini, kimoja kinadanganya. Namba ya gari nayo inawapoteza wengi. Herufi za mwisho zinaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Gari la 1998 lililoshuka bandarini juzi lina namba mpya kabisa.

Sasa mzigo, maana hapa ndipo watu wanakosea tangu nyumbani. Tenki la maji la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000, tani nzima, bila kuhesabu tenki lenyewe. Hilux ya kazi imetengenezwa kwa mzigo wa karibu tani moja. Kirikuu kile kidogo cha Suzuki kimetengenezwa kwa kilo 350. Ni kizuri kwa madumu ya maziwa na mbuzi wachache, lakini dume mmoja mkubwa peke yake anaweza kukimaliza. Kama kazi yako ni kupeleka ng'ombe kumi mnadani, usinunue pikapu kabisa. Changa na jirani mkodi lori, mchukue kibali cha kusafirisha mifugo, mgawane gharama.

Kwa Hilux za zamani za dizeli, mafundi wetu wanazijua vizuri injini za 3L na 5L, hazina kompyuta na vipuri vinapatikana. Hizi mpya za D-4D zina nguvu, lakini noseli zake ni ghali na hazitaki dizeli chafu ya kwenye dumu. Wewe unayekaa mbali na kituo cha mafuta unajua utatumia ipi. Na kama kwenu ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ijaribu ile gia ya kuvuta magurudumu yote manne kwenye tope lenyewe, si kwenye lami.

Karatasi. Kadi halisi, si kivuli. Anayebaki na kivuli mara nyingi kadi yake iko kwa aliyemkopesha. Linganisha namba ya chesisi na ya injini iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, la sivyo mwenye jina aje mwenyewe. Angalieni deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, kisha nendeni pamoja TRA kubadilisha umiliki, na hela kubwa ibaki kwako mpaka hapo. Muuzaji akisema kuna mteja mwingine njiani, mwache aje. Zamani mtu wa Sengerema aliharakisha kwa kuogopa kukosa kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 daraja liko wazi, unaenda Mwanza, unaangalia, unarudi kulala kwako, unakwenda tena na fundi wako. Fundi umlipe wewe, asiwe wa muuzaji.

Ng'ombe wa kuuza tuwachague pamoja. Toa maksai waliochoka, madume ya ziada, na majike waliokaa misimu miwili bila kushika mimba. Mitamba waache. Na usiuze kwa bei kamili ya gari: bakiza fungu la matairi, bima na matengenezo ya mwezi wa kwanza, maana yatakuja. Mama zangu, kaeni kwenye kikao hicho, kwa sababu hela ya maziwa ndiyo itakayonunua dizeli.

Siku ya kuogesha ijayo nipo hapa joshoni tangu asubuhi. Mwenye kadi asiyoielewa aje nayo nimsomee, na anayetaka kuuza majike anitangulize kwanza niyapime mimba.