Trekta Letu, Waranti Yake, na Vocha Niliyoikalia

Maelezo ya Mweka Hazina mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Kongwa waishio Dar es Salaam



Mwenyekiti ameniomba nieleze habari ya trekta, na ameniomba nieleze yote. Najua kwenye kundi letu la simu yamesemwa mengi. Wapo waliosema tumeuziwa bovu, wapo waliosema dereva ni mlevi, na yupo mmoja, nadhani yuko humu ndani, aliyeandika kwamba kamati imekula. Ndugu yangu, kamati haikula. Ila mweka hazina alikosea, na mweka hazina ndiye mimi. Mahesabu mnayo kwenye ukurasa wa katikati. Mimi nitasema yasiyoonekana kwenye mahesabu.

Trekta tulilinunua kwa shilingi 68,000,000, nguvu ya farasi 75, pamoja na jembe la sahani tatu. Muuzaji alisema tukilipa zote kabla ya kukabidhiwa atatupunguzia asilimia mbili. Mimi ni mhasibu, nimefanya kazi hii miaka ishirini, na mhasibu akisikia punguzo masikio humsimama. Nikapiga hesabu: 1,360,000 tunabaki nazo. Nikasaini hundi. Kwenye taarifa ya robo mwaka ile nikaandika kwa kujisifu kabisa kwamba nimeokoa fedha za umoja.

Kumbe pale ndipo nilipouza fimbo yetu. Unapolipa yote, muuzaji hana haraka na wewe tena. Ofisini kwangu mkandarasi akijenga choo tu tunazuia asilimia kumi mpaka tuone hakivuji. Cha kwetu wenyewe nikakilipia chote kikiwa bado kimefungwa kwenye lori.

Lilishushwa Kibaigwa tarehe 28 Novemba. Mnakumbuka picha zile, watoto wamelipanda, mama zetu wanapiga vigelegele. Tarehe 9 Desemba, mita ya saa ikisoma 38, likagoma kuinua jembe. Asubuhi linainua vizuri. Likishapata moto, jembe linabaki ardhini. Likipoa, linainua tena.

Dereva alimpigia simu katibu wa kamati ya kijiji, katibu akampigia fundi wa pale Kibaigwa, na jioni ileile fundi akafungua mfuniko wa haidroliki aangalie. Alikuwa na nia njema, na ni fundi mzuri, gari langu mwenyewe amewahi kulishika. Lakini kwenye waranti hilo ndilo kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya. Trekta jipya likigoma, halifunguliwi. Linaegeshwa, na muuzaji anaarifiwa kwa maandishi siku hiyohiyo. Tulipomwarifu kesho yake, tarehe 10, jibu lilikuwa fupi: mfuniko umeshafunguliwa na mtu asiyeruhusiwa, waranti imekufa.

Hapo tuliokolewa na daftari la shilingi mia tano. Dereva wetu, ambaye wengine mmemwita mlevi, alikuwa anaandika kila jioni saa zilizosomwa na mita, lita za dizeli alizotia, ekari alizolima, na lolote aliloliona. Tarehe 9 aliandika: "Saa 38. Limegoma kuinua jembe likiwa la moto. Likipoa linainua." Tena alikuwa amerekodi kwa simu, jembe liko chini na mkono wake unavuta wenzo bila mafanikio, na muda wa ile video ulikuwa kabla fundi hajafika. Tulipiga chapa kurasa zile, tukaambatanisha na barua, tukamwandikia muuzaji kwamba tatizo lilikuwepo kabla mfuniko haujaguswa.

Katika barua ile nilitaja pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Naomba hili mlishike hata mnaponunua pampu ya maji au mashine ya kusaga. Kile kikaratasi cha waranti ni ahadi ya muuzaji, lakini sheria nayo inasimama pembeni yake. Ukimweleza muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake kwa kuwa biashara hiyo ndiyo yake, sheria inataka kitu kile kiifae kazi hiyo. Sisi tulimwambia kwa maandishi kwamba tunalima Kongwa. Na Tume ya Ushindani, ile FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Sikumtishia. Nilitaja tu kwamba nakala tunayo tayari.

Fundi wa muuzaji alikuja. Alipofungua ndani alikuta oringi imekatwa, na imekatwa namna inayoonyesha ilibanwa vibaya wakati wa kuunganishwa kiwandani. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, yanavujia pale, presha inashuka. Basi. Kipande cha mpira chenye ukubwa wa bangili ya mtoto. Wakakubali. Kipuri bure, kazi bure. Trekta likarudi shambani tarehe 29 Desemba, siku 19 tangu tutoe taarifa.

Halafu ikaja ankara: shilingi 420,000, usafiri na posho ya fundi kutoka Dar es Salaam. Nikang'aka. Nikapiga simu kwa sauti ambayo mke wangu alitoka jikoni kuja kuuliza kuna nini. Yule binti wa ofisini kwao akaniambia kwa upole, "Shikamoo baba, naomba ufungue ukurasa wa saba." Nikafungua. Imeandikwa kwa herufi ndogo, lakini imeandikwa: usafiri wa fundi ni juu ya mnunuzi. Mimi ninayesoma mikataba ya watu kwa mshahara nilisoma ukurasa wenye bei na ukurasa wa saini.

Sasa sikilizeni kosa langu lenyewe.

Trekta jipya lina huduma ya kwanza inayofanywa mapema sana. Letu ni kwenye saa 50. Injini na gia zikiwa mpya, vyuma vinasuguana vikizoeana na kuacha unga wa chuma ndani ya oili, kwa hiyo oili ile humwagwa na filta hubadilishwa. Nati za magurudumu hukazwa upya, mkanda wa feni huangaliwa, klachi hupimwa, chujio la dizeli hufunguliwa. Kitabu cha waranti kinasema huduma hii ifanywe na fundi wa muuzaji na kugongwa muhuri, la sivyo waranti ina shaka.

Mita ilifika 50 siku moja kabla ya mwaka mpya. Vocha ikaja mezani kwangu: oili, filta, na usafiri wa fundi, 420,000 zile zile. Nilikuwa bado nina hasira na ile ya kwanza. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Isubiri kikao cha kamati." Kikao kilikuwa tarehe 10 Januari. Kwa utaratibu wa fedha nilikuwa sahihi kabisa, hakuna mkaguzi ambaye angenihoji. Lakini mvua haisubiri kikao. Kwetu msimu ni mmoja. Trekta liliendelea kulima usiku na mchana kufidia siku zilizopotea, na mimi niko mjini na vocha yangu.

Tarehe 6 Januari, saa 87, injini ilianza kukosa nguvu, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Safari hii hakuna aliyelifungua. Fundi alipokuja alifungua bakuli la kutenganisha maji chini ya chujio la dizeli, akamimina kwenye glasi, akampa katibu aangalie. Nusu ilikuwa maji. Dizeli tulikuwa tunanunua kwa madumu kandokando ya barabara kwa kuwa ni nafuu kidogo. Maji yalikuwa yameshapita mpaka kwenye pampu ya dizeli na nozeli, kutu imeanza.

Muuzaji alikataa, na alikuwa na sababu mbili: dizeli chafu haimo kwenye waranti, na huduma ya saa 50 haikufanywa. Niliitafuta hoja usiku mzima. Nilisoma kitabu kile chote safari hii, ukurasa kwa ukurasa. Hoja haikuwepo. Lau fundi angekuja kwenye saa 50, kazi yake mojawapo ingekuwa kufungua lile bakuli, na angeyaona maji. Tulilipa 3,860,000. Punguzo langu la 1,360,000 mnaweza kulipima wenyewe hapo. Trekta likarudi kazini tarehe 24 Januari.

Wakati huo ekari 64 zilizokuwa zimelipiwa hazikuwa zimelimwa. Tulirudisha fedha zote, 55,000 kwa kila ekari, jumla 3,520,000, na risiti ninazo. Lakini kurudishiwa fedha mwishoni mwa Januari si sawa na kulimiwa Desemba, na kila aliyezaliwa Kongwa anajua.

Nilikwenda mwenyewe nyumbani kuwaomba radhi. Kwa mama mmoja wa Pandambili, mjane, alikuwa amelipia ekari nne kwa fedha za kuuza ng'ombe, na hakutaka kurudishiwa, alisubiri. Tulimlimia tarehe 27 Januari. Mahindi yalishapitwa, akapanda mtama. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikamweleza habari ya haidroliki, ya chujio, ya waranti na masharti yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo waranti inalima?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Waranti inalipa kipuri. Hakuna hata moja niliyoisoma inayolipa msimu.

Wazee wetu mlioko hapa mnaijua hadithi ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta kwa wingi, mengi yakiwa masalia ya vita, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa vikaja kulima. Udongo wetu mwekundu, ambao ukikauka unakuwa kama saruji, ukayatafuna majembe yao. Vipuri vikawa haba na mafundi wachache, na mwaka 1951 mradi ukafungwa wakiwa wamepoteza mamilioni ya pauni. Babu yangu alikuwa akitucheka tulipokuwa watoto kwamba chuma cha Mzungu kililala porini kama mzoga. Sijaitaja habari hii ili kujilinganisha na serikali ya Uingereza. Nimeitaja kwa sababu nilikulia ndani yake, na bado nikanunua trekta bila kutenga hata senti ya kulitunza.

Sasa tunavyofanya. Kila ekari inayolimwa, shilingi 8,000 zinakwenda kwenye akaunti ya pekee ya huduma na vipuri, na mimi sina saini juu yake. Saini ni ya katibu wa kijiji na ya dereva. Ndiyo, dereva. Mita ikifika saa ya huduma, wanalipa, kamati inaarifiwa baadaye. Dizeli tunanunua kituoni kwa risiti. Inalala kwenye pipa usiku kucha uchafu utuame, na bakuli la maji linafunguliwa kila alfajiri. Tangi linajazwa jioni, maana tangi tupu hutoa jasho usiku na jasho lile ni maji. Ukitokea ubovu, dereva anapiga picha mita na sehemu iliyoharibika, taarifa inaandikwa siku hiyohiyo, na kipuri kilichotolewa kinahifadhiwa ndani ya mfuko wenye tarehe. Tairi na betri, kwa taarifa yenu, zina waranti zake mbali kwa watengenezaji wake, na klachi na mikanda kwa kawaida haimo kabisa kwa kuwa ni vitu vya kulika. Waranti yetu ni miezi 12 au saa 1,000, kitakachotangulia. Inaisha Novemba.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi trekta la pili, ingawa najua kuna ndugu watano walioniambia wako tayari kuchangia la pili na si vinginevyo. Nawashukuru, lakini nakataa. Tunaomba 9,400,000: banda la kulilaza ili lisinyeshewe, tangi la dizeli lenye chujio, seti ya spana za kweli, na akiba ya kuanzia ya vipuri ambayo haitamsubiri mweka hazina yeyote. Hakuna atakayepiga picha amekaa juu ya tangi la dizeli, hilo nalijua. Fomu za ahadi ziko kurasa za mwisho, na meza iko pale mlangoni.

Kuhusu mimi, nimeiandikia kamati kwamba ile 3,860,000 nitairudisha nusu yake kwa miezi kumi, nikianzia na mwezi uliopita. Mwenyekiti amesema si lazima. Nimemwambia aniachie.

Jana jioni dereva alinitumia picha kama kawaida. Mita inasoma 412. Alikuwa amebeba mahindi ya watu kwa tela kwenda sokoni Kibaigwa, na ameandika chini ya picha kwamba tairi la mbele la kushoto lina mkwaruzo mdogo, ameshautolea taarifa.