Sungura wa Kitoweo: Kuchinja na Kuchuna Nyumbani

Sungura wa New Zealand au California akilishwa vizuri hufikisha kilo 2 hivi akiwa na miezi 3, na hapo anafaa kwa kitoweo. Usiku wa kuamkia siku ya kuchinja mnyime chakula, ila maji asikose. Matumbo yakiwa matupu, kazi ya kisu ni nyepesi.

Mshike kwa utulivu, mbali na wenzake. Hili nalisisitiza: sungura ni mwoga mno, na hofu humtesa yeye na kuifanya nyama iwe ngumu. Kisu kiwe kikali, mkato uwe mmoja, damu iachwe itoke yote.

Mning'inize kwa miguu ya nyuma. Kata ngozi kuzunguka vifundo, pasua kwa ndani ya mapaja hadi mkiani, kisha vuta kuelekea chini kwa mikono miwili. Hutoka kama mtoto anavyovuliwa fulana. Manyoya yasiguse nyama.

Sasa tumbo. Pasua kijuujuu, ncha ya kisu ikitazama nje. Hapa usiharakishe hata kidogo! Kibofu cha mkojo au kifuko cha nyongo kikipasuka, utamu umepotea. Kisha litazame ini. Ukiona madoa meupe au ya manjano, huenda ni ugonjwa wa vimelea viitwavyo koksidia. Ini hilo lifukie, mbwa wasilifikie, na umwite mtaalamu wa mifugo akague banda. Nyama ioshe kwa maji safi ya baridi, uiache ipoe vizuri kabla ya kuiunga.