Viatu Vipya kwa Watoto wa Shule
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Sultan Hamud)



Nimeagizwa na Halmashauri kunena juu ya shauri la viatu vya watoto wa shule. Nitajitahidi kuwa mfupi, maana najua wengine wenu mmetoka Kasikeu na wengine upande wa Kajiado, na safari ya kurudi yawangoja.

Serikali iliondoa ada ya shule za msingi Januari 2003. Tulishangilia, na ilistahili. Walakini sare na viatu vilibaki juu ya mzazi, na mwezi huo wa Januari ndio ulio mgumu kwetu. Sisi Ukambani twategemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi. Basi shule hufunguliwa mahindi na ndengu zikiwa bado shambani, na mwaka wa ukame hata shambani hazimo. Mzazi hununua daftari kwanza, na miguu ya mtoto hungoja.

Wala hili si jambo la urembo. Mnaijua miiba ya migunga yetu na mchanga wa saa nane mchana. Kadhalika yuko funza, mdudu ambaye hakuwa wa bara hili. Aliletwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, akavuka bara zima akafika mashariki kabla karne ile haijaisha. Hukaa katika vumbi kavu, hata katika sakafu ya darasa lisilo na saruji. Minyoo ya safura nayo huingia kwa ngozi ya unyayo, ingawa hiyo hupenda udongo wenye unyevu kuliko huu wetu.

Najua yuko mzee atakayesema: sisi tulisoma miguu mitupu na hatukufa, na Abebe Bikila wa Ethiopia je? Ni kweli, Bikila alishinda mbio za marathoni huko Rome mwaka 1960 bila viatu. Lakini mwaka 1964 huko Tokyo alishinda tena, naye amevaa viatu. Tena, mzee wangu, zamani zile darasa zima lilikwenda miguu mitupu, hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Leo asiye na viatu ni mmoja au wawili, nao hukaa nyuma na kuificha miguu chini ya dawati. Mtoto wa namna hiyo siku ya kwanza huona haya, siku ya pili husema anaumwa, na siku ya tatu hayuko shuleni.

Sasa, kutoa ni kuzuri, ila si kila kutoa kunafaa. Huko Busia watoto walipewa sare bure, na utafiti uliochapwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliopewa walipunguza kukosa shule, na zaidi wale ambao hapo kwanza hawakuwa na sare kabisa. Lakini katika El Salvador, nchi ya Amerika ya Kati, kampuni ya TOMS iligawa viatu kwa watoto wa vijiji, na wataalamu wakachunguza. Watoto walivivaa na kuvipenda, walakini afya haikubadilika kwa kadiri ya kuonekana, na waliopewa walizidi kusema kwamba ni wajibu wa watu wengine kuzitimizia jamaa zao mahitaji. Mimi naona mambo haya mawili hayapingani. Yatufundisha kumtafuta yule asiye nacho, wala tusigawe kwa shule nzima ili tuonekane wakarimu. Na mzazi naye awe na mkono wake katika jambo hilo.

Yuko atakayeuliza kwa nini viwe vipya, na mitumba imejaa sokoni. Siidharau mitumba, wengi wetu hapa tumeivaa. Lakini kiatu kilichotumika kimekwisha kushika umbo la mguu wa mtu mwingine, na soli yake imeliwa upande. Kiatu kipya cha ngozi kikishonwa vizuri huvumilia njia zetu, na fundi wa viatu aweza kukitia soli ya tairi kinapochakaa.

Hata kiatu kipya, kisipomwenea mtoto, ni mzigo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo tusinunue kwa kukisia umri. Mguu wa kila mtoto uchorwe juu ya karatasi katika juma la mwisho la muhula wa tatu, na iongezwe nafasi ya upana wa kidole, maana mguu wa mtoto haungoji. Anayeonekana ana funza apelekwe zahanati kwanza. Mafuta ya dimetikoni yalijaribiwa hapa Kenya yakaonekana kushinda maji ya pamanganeti. Kumvika kiatu juu ya vidonda ni kumtesa.

Basi naomba Mkutano ukubali kwamba michango ikusanywe Machi, baada ya mavuno, wala si Januari wakati mifuko ni mitupu. Mzazi wa mtoto atakayepewa asitozwe fedha, bali atoe siku moja ya mwethya, kubeba mchanga na kokoto za sakafu ya darasa. Hivyo mahali pa kukaa funza patapungua pia. Viatu vikabidhiwe nyumbani, mbele ya mama au baba, pasipo hotuba wala picha. Majina ya watoto yajulikane na mwalimu mkuu na Mweka Hazina tu.

Karatasi za kuchorea miguu ziko mezani kwa Karani. Wajumbe wa kamati za shule wanaombwa wazichukue kabla ya kuondoka, na penseli waje nazo wenyewe.